Kujifunza Kutembea Tena Baada ya Kupooza Upande Mmoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Maswali haya yametoka kwa wagonjwa na jamaa zao: vibarazani Majengo, ghorofani Tudor, kwenye foleni za kliniki, na mara nyingi kwa simu saa tatu usiku. Yanaanzia ya msingi na kuishia yale yanayowahusu wachache. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) aliyemwona mgonjwa wako kwa macho ana haki kuliko maandishi. Akikwambia tofauti na haya, muulize sababu, kisha mfuate yeye.

## Mambo ya mwanzo

Mguu wenyewe hauna jeraha. Mbona hautii?

Kwa sababu tatizo haliko mguuni. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ubongoni, na sehemu iliyokuwa ikiamuru misuli hufa au kudhoofika. Ubongo wa kushoto huongoza mwili wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto. Ndiyo maana mkono na mguu wa upande mmoja hulegea pamoja. Kichwa kuumia kwenye ajali ya bodaboda, uvimbe wa ubongo, na kwa watoto mtindio wa ubongo, vyote vyaweza kuleta hali hiyo hiyo.

Ubongo, hata hivyo, hujipanga upya. Sehemu zilizobaki nzima hujifunza kazi ambazo hazikuwa zao, na hujifunza kwa kurudia, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura. Hakuna anayehifadhi kwa kusomewa mara moja.

Atatembea tena?

Wengi hutembea, ingawa si wote kama zamani, na baadhi yao hubaki na bakora au splinti (kifaa cha kuushika mguu) maisha yote. Dalili mbili hutupa matumaini mapema, katika siku za mwanzo: kuweza kukaa kitandani bila kushikiliwa, na kuweza kuusogeza mguu mgonjwa hata kidogo. Mabadiliko makubwa huonekana miezi 3 ya kwanza, kisha mwendo hupungua kuanzia mwezi wa 6 hivi. Kupungua si kufungwa. Tazama swali la miaka mitatu, karibu na mwisho.

Tuanze lini kumsimamisha?

Mapema, ila si kwa pupa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, uliwalinganisha walioanzishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za mwanzo na waliopewa huduma ya kawaida. Ajabu ni kwamba waliokimbizwa ndio waliofanya vibaya kidogo baada ya miezi 3. Kwa hiyo siku ya kwanza mwache daktari aamue. Baada ya hapo hatua ni kukaa ukingoni mwa kitanda, kusimama kwa muda mfupi mara kadhaa kwa siku, ndipo kutembea. Mwanao asikuletee woka (fremu ya kutembelea) siku ya pili akitaka babu ajaribu.

Kifaa hakitamfanya mvivu, akakitegemea milele?

Hili ndilo swali la kwanza katika nyumba nyingi, na jibu ni hapana. Mgonjwa anayeogopa kuanguka hutembea hatua 20 kwa siku, zote akiwa amemng'ang'ania mwanawe shingoni. Huyo huyo akipewa bakora ya kimo chake na splinti inayomshika kifundo, atatembea hatua 300, na hatua ndizo zinazoufunza ubongo. Ukimnyima kifaa ili misuli ifanye kazi, unamnyima mazoezi yenyewe.

Kinachoharibu ni kifaa kisichomfaa, au kinachobaki kile kile wakati mwili umesonga mbele. Mpimishe upya kila baada ya miezi michache.

## Bakora, woka na magongo

Bakora ishikwe mkono upi?

Mkono mzima. Jamaa wengi huiweka upande mgonjwa kwa kudhani ndiyo inayouegemeza mguu dhaifu, na hata mkono ungeweza kuishika, isingefaa. Ikiwa upande mzima, bakora hupanua eneo analosimamia na kumruhusu auhamishe uzito kidogo kutoka kwenye mguu mgonjwa wakati huo mguu mzima uko hewani.

Urefu wake hupimwaje?

Avae viatu atakavyotembea navyo, asimame wima, mkono ulegee ubavuni. Kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akikishika, kiwiko kipinde kiasi, nyuzi 20 hadi 30. Bakora ndefu humpandisha bega, na fupi humwinamisha kama anayetafuta sarafu. Bakora ya marehemu babu, nzuri na yenye kishikio cha pembe, kwa kawaida si ya kimo cha mtu mwingine. Kama ni ya mbao, yaweza kukatwa. Kama ni fupi, iachieni ukuta.

Angalia pia mpira wa chini. Ukiona mistari yake imelika, badilisha. Mpira uliolika juu ya vigae vilivyomwagika maji ni sawa na ganda la ndizi.

Hatua zinafuatana vipi?

Bakora, mguu mgonjwa, mguu mzima. Mwanzoni kila kimoja peke yake, na kituo katikati. Akizoea, bakora na mguu mgonjwa hutoka pamoja.

Kwenye ngazi: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Bakora hufuatana na mguu mgonjwa siku zote. Kama kuna reli upande wa mkono mzima, ashike reli, na bakora abebewe na mwingine.

Ya mguu mmoja, ya miguu minne, au woka?

Anayeanza na kuyumba sana hufaidika na fimbo ya miguu minne, kwa sababu husimama yenyewe na hubeba uzito zaidi. Ubaya wake ni kwamba ni nzito, huhitaji miguu yote minne iguse chini kwa pamoja, na hailingani na ngazi nyembamba wala barabara ya mawe. Mtu akiizoea sana hutembea kwa kusita: anaiweka, anangoja itulie, ndipo anasogea. Nikiona mtu anasimama imara, napenda ahamie bakora ya kawaida.

Woka ya kawaida huhitaji mikono miwili. Kwa mtu ambaye mkono mmoja haushiki, ataisukuma kwa upande na itamgeuza. Ipo ya kushikwa kwa mkono mmoja, inayokaa ubavuni, imara kuliko fimbo ya miguu minne, ila nafasi inayochukua si ya vyumba vyetu vingi.

Tuna magongo ya kwapani yaliyobaki tangu kaka alipovunjika mguu. Yafaa?

La. Magongo hayo ni ya mtu mwenye mikono miwili. Mpeni jirani.

## Splinti ya mguu

Kwa nini vidole vinakwaruza chini?

Misuli inayoinua kikanyagio (sehemu ya mguu iliyo chini ya kifundo) haipokei amri, basi kikanyagio huning'inia. Ili kisikwame, mtu huuzungusha mguu mgonjwa wote kwa nje kama bikari, au huinua kiuno. Huchoka upesi, na kiuno huanza kuuma.

Dawa yake ya kawaida ni splinti ya plastiki inayopita nyuma ya muundi na chini ya unyayo, ile ambayo wataalamu huiita AFO. Hukishika kikanyagio kwenye pembe mraba na shina la mguu, ili vidole vipite bila kukwama na kisigino kiguse chini kwanza. Ipo nyembamba inayopinda kama jani, kwa mguu uliolegea tu. Ipo nene isiyopinda, kwa kifundo kinachopinduka au goti linalorudi nyuma. Na ipo yenye bawaba. Ya kutengenezwa hufinyangwa juu ya umbo la mguu wake lililochukuliwa kwa plasta. Za kununua tayari dukani hufaa kwa muda, kwa mguu laini usio na uvimbe.

Avae kwa muda gani? Joto la hapa ni kali.

Wiki ya kwanza saa moja, kisha vua na ukague ngozi. Wekundu unaoondoka ndani ya nusu saa si tatizo. Usiposhuka, au penye lengelenge, splinti irudi kwa fundi wake ikafanyiwe marekebisho. Usiikate wala kuipasha moto mwenyewe. Avae soksi ya pamba ndefu kuliko splinti, na wakati wa kaskazi abadilishe soksi mchana, maana jasho hulainisha ngozi na kuichubua. Mwenye kisukari, au asiyesikia mguso mguuni, akaguliwe kila siku hata kama haumwi. Hawezi kuumwa na asichokisikia.

Anaweza kuvaa ndara?

Hapana. Ndara na champali hazishiki kisigino, na splinti peke yake juu ya vigae huteleza. Chagua kiatu chenye mgongo, kinachofunguka hadi mbele, cha kufunga kwa gundi ya kitambaa (velkro) ili afunge kwa mkono mmoja. Mara nyingi cha upande wa splinti lazima kizidi saizi moja; hapo hununuliwa jozi mbili, na hilo huwaudhi watu wote.

Na msikitini?

Weka jozi ya viatu safi visivyokanyaga nje, avivae mlangoni, akiwaeleza wasimamizi mapema. Kuingia na splinti pekee ni hatari zaidi ya kuingia pekupeku. Kuhusu udhu, splinti huvuliwa na kuvaliwa kwa dakika chache akikaa kwenye kiti, si kwa kusimama mguu mmoja kwenye birika. Kuswali kwa kukaa kunaruhusiwa kwa asiyeweza kusimama. Hukumu za kupangusa juu ya kifungo kisichovuliwa muulize imamu. Fizio hana fatwa.

Nasikia kuna kifaa cha umeme kinachoinua kikanyagio.

Kipo, na si kipya: wazo hilo lilielezwa Marekani mwaka 1961. Vibandiko viwili huwekwa chini ya goti upande wa nje, panapopita neva ya misuli inayoinua kikanyagio, na umeme mdogo hupiga kila mguu unaponyanyuka. Hufanya kazi kwa sababu neva ya mguuni iko nzima. Amri ndiyo haifiki. Tafiti zinazolinganisha kifaa hicho na splinti zimekuta mwendo huongezeka karibu sawa. Bei ndiyo haiko sawa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikijaribu bila ruhusa ya daktari wake.

## Mashine

Tuuze shamba tumpeleke penye roboti?

Msiuze kwanza. Roboti ya kutembeza humfunga mgonjwa mikanda na kuisogeza miguu yake juu ya tredmili (mashine ya mkanda unaozunguka), ili apate mamia ya hatua bila fizio kuvunjika mgongo. Kwa mtu asiyeweza kabisa kutembea, katika miezi 3 ya kwanza, mashine za aina hiyo pamoja na fiziotherapia huongeza uwezekano wa kutembea bila msaada. Hilo limethibitika. Kwa anayeshatembea, faida hiyo haijaonekana hivyo. Tredmili ya kawaida nayo humwongezea kasi na pumzi yule ambaye tayari hutembea.

Utafiti ninaopenda kuwasimulia watu ni wa Marekani, uliotoka mwaka 2011, wa wagonjwa 408. Kundi moja lilitembezwa kwenye tredmili huku mikanda ikiwabebea sehemu ya uzito. Jingine lilifanya mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili nyumbani, likisimamiwa na fizio. Baada ya mwaka, takriban nusu ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na makundi hayo hayakutofautiana. Anayefanya mazoezi kwenye ukumbi wa nyumba huko Kisauni, kwa kushika meza na kuhesabu, hajaachwa nyuma na mtu. Fedha za shamba zitalipia fizio wa kuja nyumbani kwa muda mrefu sana.

## Nyumbani na mtaani

Nimshike wapi anapotembea?

Simama upande mgonjwa, nyuma kidogo. Shika mkanda imara kiunoni mwake. Ukikosa, leso iliyokunjwa ikafungwa fundo la nguvu hufaa. Usimvute mkono mgonjwa wala kumnyanyua kwa kwapa. Misuli ya bega imelegea na kiungo hutoka kidogo mahali pake, na maumivu ya bega yakianza huchukua miezi kuondoka. Nimeona mazoezi yakisimama kabisa kwa sababu ya bega lililovutwa siku moja kumwingiza mtu kwenye tuktuk.

Nyumba ibadilishwe nini?

Ondoa busati na zulia dogo la mlangoni. Weka reli chooni upande wa mkono mzima wakati anakaa, na kiti cha juu juu ya choo cha kuchuchumaa. Taa ya usiku kutoka kitandani hadi chooni. Kama chumba chake kiko juu, na ngazi ni zile za Mji wa Kale, mwinuko mkali na giza, mshusheni chini kwa miezi ya mwanzo. Wazee hukataa, wakisema huko chini ni kwa wageni. Zungumzeni naye kabla ya kuhamisha godoro.

Afanyie wapi mazoezi ya nje?

Penye sakafu tambarare na mahali pa kukaa kila baada ya hatua chache. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina hufaa asubuhi na mapema au baada ya alasiri. Mchanga wa pwani uwe wa baadaye kabisa: bakora huzama, na kifundo hupinduka.

Vipi kukandwa, na wanaosema amepigwa na upepo?

Dua na visomo haviwagombanishi watu na mazoezi. Familia nyingi hufanya vyote. Kukandwa kwa upole hulegeza misuli na kumpa mgonjwa raha. Mipaka ni miwili. Asivutwe bega, na asikandwe kwa maji ya moto yasiyopimwa kwa mkono wa mtu mzima, kwa kuwa ngozi isiyosikia huungua kimya kimya. Na asiachishwe dawa za presha na mtu yeyote.

## Kupata kifaa

Tuanzie wapi Mombasa?

Kitengo cha fiziotherapia cha Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa wa rufaa. APDK, shirika lililoanzishwa mwaka 1958, lina tawi Port Reitz na hushughulika na viungo na vifaa vya kutembelea. Mgonjwa ambaye hali yake imekuwa ya kudumu ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, baada ya kupimwa na madaktari hospitalini. Baraza lina mfuko unaosaidia vifaa. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kaunta kabla ya huduma, si baada yake. Ukipewa kifaa cha msaada, pimwa hapo hapo. Kifaa cha bure kisichofaa huishia kuanikiwa nguo.

## Hali za wachache

Tukimsimamisha anajisukuma kuelekea upande uliopooza. Anafanya kusudi?

Hafanyi kusudi. Ubongo wake umepotoshwa kuhusu wima, na anajiona ananyooka pale anapoanguka. Kumpa bakora kwa sasa huzidisha, kwa sababu mkono mzima utaitumia kujisukumia. Msimamishe bega zima likigusa ukuta au fremu ya mlango, umwambie auegemee ukuta huo. Wengi huondokewa na hali hii ndani ya miezi 6.

Anagonga kila mlango kwa kushoto, na anasema hakuuona.

Huku ni kuupuuza upande mmoja. Huwapata zaidi waliopooza kushoto. Macho yanaona, umakini ndio haufiki. Mkumbushe ageuze kichwa, funga utepe mwekundu kwenye mkono au mlango wa kushoto, na asiachwe kuvuka barabara peke yake hata kama miguu imepona.

Mguu umekaza na vidole vinajikunja.

Mkazo huo huja wiki au miezi baada ya kiharusi. Kunyoosha kila siku na splinti nene husaidia. Kwa baadhi kuna sindano ya botulinum inayolegeza misuli kwa miezi michache. Mkazo ukizidi ghafla, tafuta chanzo: kidonda, choo kigumu, maambukizi ya mkojo, au splinti inayobana.

Mtoto wetu ana miaka sita. Haya yote yanamhusu?

Kwa sehemu kubwa, ila mguu wake unakua. Splinti yake huhitaji kukaguliwa kila baada ya miezi michache, na mara nyingi hubadilishwa kila mwaka au mapema zaidi.

Imepita miaka mitatu. Ni bure?

Si bure. Waliochelewa huweza kuongeza kasi, pumzi na mizani. Mara nyingi mtu wa miaka mitatu hajawahi kupimiwa kifaa hata kimoja, na splinti ya kwanza humbadilisha wiki hiyo hiyo. Lakini udhaifu *mpya*, hata mdogo, uso kupinda au ulimi kuwa mzito, si jambo la mazoezi. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mamangu anaona haya kuonekana na bakora.

Asilazimishwe mbele ya watu. Kuna mama aliyekubali baada ya kuchaguliwa bakora nyeusi nyembamba isiyoonekana ndani ya buibui. Mwingine alikubali alipoambiwa ataitumia harusini tu. Sasa anaitumia kila mahali.

Nitaweza kuvuka feri Likoni peke yangu?

Jipime kwanza. Tembea mita 10 kwa mwendo wako wa kawaida. Ukitumia sekunde 25 au zaidi, mwendo wako bado ni wa ndani ya nyumba. Ukifika sekunde 12 au 13, ni mwendo wa mtaani. Kisha jaribu mteremko, kwa sababu kushuka ndiko kugumu: mguu mgonjwa na bakora mbele, hatua fupi, kando na si katikati ya umati. Maji yakipwa mteremko wa gati huwa mrefu, basi chagua saa ya maji kujaa. Waombe wahudumu wakupandishe kabla ya kundi, na ukiwa ndani ya feri kaa au shika chuma hadi isimame kabisa. Mara ya kwanza nenda Jumapili asubuhi, na mtu nyuma yako asiyekushika.